Kijiji cha Juu au cha Chini

Zuwena mjukuu wangu,

Shikamoo yako imenifika hapa Ibra, marahaba. Sote hatujambo. Mjomba wako kahamia Nizwa kwa kazi, na mamako keshanunua koti la baridi la safari yenu, analivaa humu ndani kwenye kiyoyozi.

Umeniuliza mfikie kijiji gani huko milima ya Alps, mjifunze kuteleza kwenye theluji polepole. Na babako, unasema, keshachagua cha juu kabisa. Niliposoma hapo chai ilinipalia kwa hasira!

Babu yako, Mungu amrehemu, alifanya vivyo hivyo aliponipeleka huko. Sisi huku joto likizidi tunapanda mlima wetu wa Jebel Akhdar kufuata baridi, basi akadhani kila mlima, ukizidi kupanda ndiyo raha inazidi. Hakuniuliza. Tulipofika, mteremko ulianzia mlangoni, umesimama kama ukuta. Yeye alianguka siku ya kwanza, akalala kitandani. Mimi wiki nzima nilikaa dirishani na birika la kahawa, nawatazama watoto chini bondeni wakiteleza kwenye uwanja mpole, na mama zao wanatembea madukani. Tuliporudi akawahadithia wageni kuwa nilifurahi sana! Mimi nikawamiminia kahawa.

Fikieni chini, ambako mtu anatoka mlangoni kwa miguu yake. Lakini kabla hamjalipa, muulize mamako anataka wapi. Mimi mtu wa kwanza kuniuliza ni wewe, na umeniuliza kwa safari ya mwengine.

Bibi yako