Lenzi ya Studio ya Mwananyamala

Mjukuu wangu Salma,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Mimi na bibi yako tu wazima, na tunashukuru kwamba umeifunga lenzi yangu ya zamani kwenye kamera yako mpya.

Unauliza kama imeharibika, maana nyuso zinatoka na ukungu. Nilipoanza kazi studio, niliwaamuru wateja wasipumue, kisha nikaizungusha kwa pupa pete ya lenzi, ile ya kuifanya picha ionekane wazi, na nyuso zikatoka na ukungu vilevile. Tajiri mwenye studio alikuwa ameshaniambia kwamba nikikosea tena, niondoke. Ndipo mama mmoja akaniambia, "Baba, mimi nimetulia. Bado wewe." Nikaizungusha taratibu mpaka nikaziona kope zake. Kazi ikabaki, na yule mama namshukuru hadi leo.

Lenzi ya pili unayoiomba ndiyo niliyompigia bibi yako picha ya uchumba. Bado tunajadiliana; tukiamua, nitakuandikia.

Babu yako