Ushahidi wa Sheikh Aflah

Darsait, Maskati
9 Machi 2004

Mdogo wangu mpenzi Mahfoudha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Watoto wanakua, na baba yao Loay anazidi kunenepa.

Sheikh Aflah amefariki Alhamisi. Nyumba yake ya Maskati, ile aliyoijenga babu yake wakati Malkia Viktoria angali hai, yenye mwaka 1311 wa Hijria uliochongwa mlangoni, ilijaa watu mpaka nje. Humo ndimo alimosuluhisha ugomvi wa mji mzima. Na humo ndimo, mwaka 1992, sisi wawili tulimokaa mkekani tukingoja yeye, mkuu wa ukoo, atushuhudie ili tupate pasi za Omani. Kwangu alisema huyu ni binti Msellem, damu yetu. Kwako alisema hakujui. Ukarudi Unguja na begi lako, na posa ya Loay ukaiacha huku.

Tangu hapo unamwapiza kila Ijumaa. Mwezi uliopita, akiwa kitandani, aliniomba nikupigie simu, akutake radhi. Ulisema nimwambie mtakutana mbele ya Mungu. Nikamwambia, neno kwa neno. Mzee wa miaka themanini aligeukia ukutani akalia.

Sasa nisikilize. Siku moja kabla ya ushahidi nilimwendea peke yangu. Nilishika Msahafu nikaapa kuwa wewe ni mtoto wa kuokota, baba alikulea tu. Akaniamini, maana nani angemkana nduguye? Miaka mitatu baadaye mkunga aliyekuzalisha alikuja kutoka Unguja akamweleza ukweli. Sheikh akaniita. Nilikuwa na mimba ya pili. Nikamshika miguu anisitiri. Kukurudisha wewe kungenifichua mimi. Akanisitiri, na maapizo yako akayabeba yeye. Kila Idi alinisihi niseme mwenyewe.

Nilimtaka Loay, Mahfoudha, naye alikutaka wewe. Sijuti. Ningekuwa najuta nisingelala vizuri hivi.

Nakwambia leo kwa kuwa aliyejua kiapo changu tumeshamzika. Ukitaka kumwandikia Loay, andika. Ufunguo wa sanduku la posta ninao mimi, na barua zako zote za mwanzo nilizisoma kabla ya kuzichoma.

Nisalimie majirani wote wa Mkunazini. Na Ijumaa hii, tafadhali, Sheikh msomee Yasini.

Ni mimi dadako, baba mmoja, mama mmoja,
Kheiria binti Msellem