Masuke Aliyotuletea Bi Mize

Salma mjukuu wangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku Wawi hatujambo, magoti yangu tu ndiyo yananung'unika. Mama yako kapandishwa, sasa ni mwalimu mkuu. Mimi sikushangaa, nimemzaa mwenyewe.

Umeniuliza ni ndege gani sijamsahau. Ni kweche, mla mpunga. Enzi za Sultani nilikuwa nikiamia ndege bondeni kwetu, nikiwafukuza mpungani kwa kelele, na sauti yangu ikisikika mpaka Chake. Hata hivyo kweche mmoja akajenga kiota humo humo mpungani, akaangua makinda. Nikamlilia mama asikivunje. Basi siku ya kuvuna, suke moja moja kwa kisu, mama akakizunguka kile kiota, akaacha kichaka kidogo kimesimama.

Alasiri jirani yetu Bi Mize akapiga hodi, kakumbatia masuke.

"Macho yenu yana nini nyie? Mmesahau haya, nimekuvunieni!"

Nikafumbua mdomo. Mama akanibana mkono, akamwambia, "Ahsante, dada. Mungu akuzidishie."

Nikakimbilia bondeni. Kiota kilikuwa chini, makinda hayatikisiki. Mama yao alikuwa akizunguka juu ya mabua na panzi mdomoni, hajui atue wapi.

Niliporudi, mama alikuwa jikoni akifuta machozi. "Kaja na wema wake, mwanangu. Ningemwambia nini?"

Wote wawili wameshatangulia. Nami, msemaji wa ukoo mzima, mpaka leo sijapata la kumjibu mama.

Bibi yako akupendaye