Sare Niliyoiomba kwa Woga

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Baba anauliza kama dawa ya kuchua imesaidia au umeitupa kama kawaida yako. Sisi wazima, ila kaka ana mafua, anatupigia chafya nyumba nzima.

Raundi ya mwisho ya mashindano ya chesi ilichezwa jana, nimetoka sare. Kabla mama hajakupigia simu, nisikilize mimi kwanza.

Nilicheza na mwokaji mikate wa mtaa wa pili, yule mzee tunayemwita Hamira. Nilianza kwa mtindo ulionifundisha: katikati ya ubao nikamwachia yeye, nikasogeza askari wa pembeni, tembo wangu, ile kete iendayo mshazari, akakaa karibu na kona akichungulia. Mzee akajitanua weee, kisha nikamvamia kutoka kando. Ngome yake ikaenda. Kombe lilikuwa langu, Shangazi!

Hapo ndipo woga uliponiingia. Kila kete niliyotaka kugusa niliona itaniponza. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mzee, tutoke sare?"

Akakubali. Kombe likaenda kwa mchezaji mwingine, aliyenipita kwa nusu pointi. Mzee akasimama mbele ya ukumbi mzima, akasema, "Binti huyu ameacha kombe ili asiniaibishe."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa, kimya. Wakadhani ni unyenyekevu.

Tangu hapo mama anawasimulia majirani utu wangu. Nikisifiwa natamani kuingia chini ya kitanda.

Leo asubuhi nimekwenda kwenye tanuri lake. Nikamwambia, "Mzee, sikukuhurumia. Niliogopa."

Akaacha kukanda. Nikajikaza kungoja matusi.

"Kumbe!" akasema, akakaa juu ya gunia la unga. "Na mimi tangu jana najiona kizee cha kuonewa huruma. Hata mke wangu nimeshindwa kumtazama usoni."

Macho yalimlowa, Shangazi, huku anacheka. Kimya changu kilikuwa kimemuumiza kiasi hicho, nami nilikuwa nawaza aibu yangu tu.

Sasa hivi mama yuko uani, anamsimulia fundi cherehani. Nikifunga bahasha hii natoka kumkatiza.

Msalimie bibi na wale mapacha. Mungu akupe afya na usingizi mwema.

Mwanao akupendaye, ingawa leo naona haya hata kuandika jina.