Kamba ya Mercyline

Kabiria, Jumapili

Dada Nekesa,

Tuko salama, ila nimechoka. Mvua haiishi. Mwanao Mercyline anakula vizuri hapa kwangu.

Ripoti yake nimeijaza mimi, mwalimu wake. Kwenye kazi ya mikono, kusokota kamba, nimeandika: "Chini ya matarajio." Wenzake walileta kamba laini za dukani, wakadai wamezisokota wenyewe. Nilijua, na bado nikawaandikia wamezidi matarajio, maana mwalimu mkuu hataki kelele za wazazi. Kamba ya Mercyline ilijaa mafundo kwa sababu aliisokota kweli.

Hakulia. Aliniuliza tu, "Anti, sasa tuitupe?"

Nimeifunga barazani. Tangu Jumatano imebeba blanketi zangu mbili zilizolowa, na haijakatika.

Ripoti iko ndani ya bahasha hii. Tafadhali usiitie sahihi.

Mdogo wako,
Namalwa