Ile Picha Si Nyoka

Makiso, Kisangani

Tonton Nephtali,

Mama anakusalimia. Mbuzi yako imezaa.

Munganga wa hospitali anaomba picha ya kwanza ya scanner, yenye ulienda nayo Yangambi kwa maombi. Anataka kuilinganisha na ya leo, ajue kama dawa inatuliza matumbo ao aibadilishe. Mimi bado natoka damu, tonton. Kumbe pasteur wako anaonyesha ile picha kanisani kila dimanche: "Muone nyoka yenye tulitoa kwa Glodie."

Ile si nyoka. Ni utumbo wangu, umevimba, na iko bado ndani yangu.

Unirudishie picha na baleinière ya kwanza, mashua yenye inapanda muto kuja huku. Bila hivyo nitakuja mwenyewe dimanche, nisimame mbele ya kanisa, waone vile nimepona.

Mutoto wa dada yako,
Glodie