Kitabu cha Baba na Simu ya Mkononi

Jumamosi, mwezi wa nane. Upepo wa Singida leo hauna adabu, umeninyang'anya mtandio mara mbili kabla sijafika hapa intaneti kafe. Lakini moyo wangu mweupe. Acha uvume.

Nianzie jana, maana jana ndiyo ilitaka kunitoa roho.

Wiki kadhaa sasa tunaigiza filamu, mimi na kikundi cha Shabani, yule anayepiga video za harusi hapa mjini. Tumechukua riwaya ya zamani tukaileta kwenye maisha ya leo. Kitabuni, binti wa kijiji cha Mtinko anatembea kwa miguu mpaka mjini kumpelekea tajiri jibu la posa. Anatoka kwao akiwa amekubali, anafika akiwa amekataa. Kwenye filamu yetu tajiri ni mnunuzi wa alizeti mwenye gari, na binti ana simu ya mkononi.

Binti ni mimi.

Baba hakujua. Alipoambiwa msikitini kwamba bintiye anaonekana mitaani na watu wa kamera, alirudi nyumbani kimya, na kimya cha baba yangu afadhali kelele. Akasema hatoi neno mpaka aione hiyo filamu kwa macho yake. Akikataa, basi, imekufa. Mimi si mtu wa kumpanda baba kichwani, na Shabani hana binti mwingine wa kuigiza nafasi hiyo.

Kwa hiyo jana baada ya swala ya Ijumaa mimi na Shabani tukamwekea deki sebuleni. Mama alikaa mlangoni, tayari kukimbia. Mimi nilijibanza nyuma ya kochi, namwomba Mungu ile sehemu niliyovaa suruali ipite haraka.

Ikapita. Baba hata hakutikisika.

Ilipofika pale nimekaa kitandani, nachukua simu, nampigia tajiri namwambia simtaki, baba akaruka. "Zima! Zima hiyo!"

Nikajua yamekwisha.

"Njia iko wapi?" baba akasema. Shabani akamuuliza njia gani, mzee wangu. "Njia! Yule binti alitembea kutwa. Kitabu kizima kiko njiani. Ninyi mmempa simu, dakika moja kamaliza. Sasa nia yake ibadilike saa ngapi?"

Makubwa! Mimi nahofia suruali, kumbe mzee ana uchungu na kitabu. Alikisoma shuleni mpaka jalada likaachia, na hajawahi kutuambia. Miaka yote namjua kama mtu wa duka, mizani na mafuta ya kula.

Shabani alinuna. Akasema siku hizi nani anatembea, watu wana simu. Nilitaka kumtetea, ila nilijua baba amesema kweli. Ile sehemu nimeirudia mara nyingi, na kila mara najisikia naongopa. Sikuwa najua kwa nini.

Ndipo nikamkumbuka shangazi yangu wa Mtinko. Uani kwake simu haishiki mtandao hata uilambe. Ukitaka kuongea na mtu unapanda lile jiwe kubwa nyuma ya zizi. Unapanda unahema, unashikilia kwa mikono, na ukifika juu hasira uliyotoka nayo nyumbani imeshapungua nusu. Mara ngapi nimepanda kwenda kumgombeza mtu, nikaishia kumsalimia!

Nikasema, binti apande jiwe.

Shabani akaanza kulalamika habari ya kubeba kamera mlimani. Baba alifikiri kidogo. "Hapo sawa," akasema. "Hapo atapata kufikiri." Kisha akamwambia mama alete chai.

Hiyo ndiyo ruhusa yenyewe. Kwa baba yangu usisubiri zaidi ya hapo.

Kesho asubuhi tunakwenda Mtinko. Baba naye anafunga duka anakuja kusimamia, eti tusije tukamfupishia tena. Mtu ambaye hafungi duka hata akiwa na malaria! Nimefurahi mpaka nimeogopa.

Maana kule juu ya jiwe itabidi niseme "sitaki" kwa sauti ya kusikika mpaka chini, na baba yangu mzazi atakuwa amesimama hapo chini. Tangu nizaliwe sijawahi kulitamka neno hilo mbele yake.

Sijui litatokaje. Ila nataka litoke, na nataka alisikie.